Fakture ya Siku Tatu za Kwanza

Mtoto akizaliwa bila kulia, familia ya Lubumbashi hukabiliwa na maswali mawili kabla hata mama hajashuka kwenye meza ya kujifungulia: apelekwe lopitali gani, na kosyo (amana ya kulazwa) ni kiasi gani. Baba anatafuta dola, shangazi anatafuta gari. Hakuna anayepata nafasi ya kuuliza swali la tatu, nalo ndilo la maana zaidi: pesa hiyo itanunua nini hasa? Kichanga aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anahitaji ubongo wake uangaliwe kwa siku tatu mfululizo, usiku na mchana. Njia za kuuangalia ni nyingi, kuanzia kidole cha muuguzi hadi mashine ya makumi ya maelfu ya dola, na ile ya bei kubwa si lazima iwe ndiyo itakayomfaa mtoto wako usiku huu.

Tarifa za lopitali ya Sendwe si za Cliniques Universitaires, wala za lopitali ya Gécamines, wala za kliniki binafsi za katikati ya mji. Kiwango cha dola nacho hakitulii. Kwa hiyo hapa sitapanga bei za faranga; nitapanga ngazi za gharama, na kuonyesha kila ngazi inamletea mtoto nini. Jambo hili si dogo. Abel Ntambue wa Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) na wenzake waliwafuatilia wanawake 1,627 wa mji huu waliopata huduma za uzazi, na katika ripoti yao ya mwaka 2019 wanawake wapatao 16 kati ya 100 walikuwa wamelipa kiasi kinachoweza kuangusha nyumba nzima kiuchumi. Mtoto mchanga kuugua ni mojawapo ya milango ambayo fakture ya namna hiyo huingilia.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana bila kuujua mtu hununua kwa hofu. Uchungu ukikawia mno, kitovu kikibanwa, kondo likibanduka mapema au mji wa mimba ukipasuka, damu yenye oksijeni haimfikii mtoto. Seli za ubongo huumia mara ya kwanza pale pale. Kisha hutokea kitulizo cha saa chache ambacho huwadanganya wengi: mtoto ana rangi, anapumua, ndugu wanaanza kupiga simu za furaha. Ndipo uharibifu wa awamu ya pili unapoanza, seli zinaishiwa nguvu tena, na degedege inatokea usiku ule wa kwanza au kesho yake. Kwa upande mwingine, si kila aliyechelewa kulia ameumia ubongo. Wengi wakipuliziwa hewa kwa balun na maski huamka, hunyonya, na kurudi nyumbani na mama yao. Kutofautisha makundi haya mawili ndiyo kazi tunayoilipia.

Ngazi ya chini kabisa kwa bei ni mkono na jicho. Mwaka 1976 Harvey Sarnat na Margaret Sarnat, huko Marekani, waligawa hali ya watoto hawa katika hatua tatu: nyepesi, ya kati, nzito. Mwaka 1997 kundi la madaktari wa Cape Town likatengeneza hesabu rahisi zaidi, iitwayo alama za Thompson, kwa makusudi ya lopitali zisizo na mashine. Vipengele ni tisa, na jumla ya juu kabisa ni 22.

Inavyofanyika ni hivi. Muuguzi anamlaza mtoto chali na kutazama kwanza bila kumgusa: miguu imekunjwa kama ya mtoto mwenye nguvu, au imelala wazi? Macho yamefunguka? Anapumua bila kusimama? Kisha anaweka kidole katika kiganja cha mtoto kuona kama atakikamata. Anakiinua kichwa kidogo na kukiachia kwenye mkono wake, kuona kama mikono ya mtoto itaruka na kukumbatia hewa. Anaingiza kidole chenye glavu mdomoni. Mwenye afya anakivuta kwa nguvu, aliyeumia anakivuta kidogo au anauma tu bila kunyonya. Anagusa utosi kama umejaa na kukaza. Anaandika namba na saa, na kesho anarudia. Hadi 10 ni nyepesi, 11 hadi 14 ni ya kati, 15 na kuendelea ni nzito. Katika watoto 45 wa uchunguzi ule wa Cape Town, wale waliofika 15 na zaidi karibu wote walikuwa na hali isiyo ya kawaida walipofikisha mwaka mmoja.

Gharama yake ni glavu, karatasi, na mtu. Huyo mtu ndiye ghali, wala hatajwi kwenye fakture. Lopitali yenye wauguzi wawili usiku kwa vichanga 30 haiwezi kufanya kazi hii, hata kuta zake ziwe zimepakwa rangi mwaka huu. Kwa hiyo ukilinganisha lopitali mbili, ulizia usiku: wauguzi wangapi, watoto wangapi, na mzazi anaweza kuonyeshwa karatasi yenye alama za kila siku? Jibu la swali hilo linazidi orodha ya mashine iliyobandikwa mlangoni.

Ngazi ya pili haiitwi vipimo vya ubongo, lakini inaulinda ubongo kuliko vingi vinavyoitwa hivyo: glisemi, joto, oksijeni. Sukari ikishuka chini ya miligramu 47 kwa desilita, seli zilizokwisha kuumia zinaumia tena, na mtoto anaweza kutetemeka kana kwamba ana degedege ya kukosa hewa, kumbe ana njaa ya sukari. Kipande cha kupimia ni cha bei ndogo. Hata kikilipishwa mara kadhaa ya bei ya famasi, bado kinakaa katika mistari ya chini kabisa ya fakture. Joto litakiwalo ni kati ya digrii 36.5 na 37.5. Hapa kwetu, kwenye usiku wa baridi wa mwezi wa sita na wa saba, hatari moja ni mtoto kupoa njiani; nyingine, isiyosemwa sana, ni kuveze iliyoachwa ichemke, kwa sababu joto la kupita kiasi huzidisha jeraha la ubongo. Na kwa kuwa umeme wa SNEL hukatika, uliza jenereta inawaka baada ya dakika ngapi, na mafuta yake yanalipwa na nani. Zipo sehemu ambako jibu la swali la mwisho ni wewe.

Sasa degedege, maana hapo ndipo mashine inapoanza kuwa na hoja. Degedege ya kichanga haifanani na ya mtoto mkubwa. Inaweza kuwa macho yaliyokwama upande mmoja, mdomo unaotafuna bila kitu, miguu inayokanyaga kama baiskeli, au pumzi iliyosimama kidogo. Mwaka 2008 watafiti wa Cork, Ireland, waliwarekodi vichanga kwa EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) na video kwa pamoja, wakapata matukio 526 ya degedege za umeme. Theluthi moja tu yalionekana kwa macho. Wafanyakazi wa wodi walitambua kwa usahihi yapatayo 9 katika kila 100. Na kati ya mara zote walizodhani wameona degedege, karibu robo tatu haikuwa degedege kabisa. Hiyo ni wodi ya Ulaya yenye vifaa vyote. Maana yake kwa mnunuzi ni mbili: jicho peke yake huacha degedege nyingi zipite, na jicho hilo hilo huwapa dawa watoto wasioihitaji.

Dawa yenyewe, fenobarbitali, ni ya zamani na ya bei nafuu, na ndiyo Shirika la Afya Duniani linayoiweka mbele. Dozi ya kwanza ni miligramu 20 kwa kila kilo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2020 liliilinganisha na levetirasetamu, ambayo ni mpya na ya bei zaidi: fenobarbitali ilizima degedege kwa watoto 80 kati ya 100, ile mpya kwa 28. Ukiandikiwa ya bei kubwa kama dawa ya kwanza, una haki ya kuuliza kwa nini. Kabla hata ya mtoto kuzaliwa, uliza kama fenobarbitali ya sindano ipo ndani ya lopitali, au ndugu watatumwa kuitafuta famasi hadi famasi saa nane za usiku.

Basi, mashine. Inayozungumzwa zaidi ni aEEG, ambayo msingi wake ulibuniwa London mwishoni mwa miaka ya 1960 na Douglas Maynard na Pamela Prior, kwa watu wazima waliokuwa mahututi. Wodi za vichanga za Ulaya ziliichukua baadaye. Nyuzi chache huwekwa kichwani kwa sindano nyembamba au kwa jeli. Mashine huukaza umeme wa ubongo katika ukanda mmoja unaotembea sentimita 6 kwa saa, hata saa kadhaa zionekane katika upana wa ukurasa mmoja. Ukingo wa chini ukikaa juu ya mikrovolti 5 na wa juu ukipita 10, ni dalili nzuri. Ukingo wa chini ukizama, ubongo unafanya kazi kwa kukatika-katika. Ukanda ukilala chini wote, hali ni mbaya. Degedege hujitokeza kama meno ya msumeno yanayoruka juu ya ukanda. Na mtoto anayeanza kupona, ukanda wake huanza kupanuka na kusinyaa kwa zamu, kwa sababu usingizi na kuamka vimerudi.

Ni chombo kizuri, siwezi kusema vinginevyo. Kwa mtoto asiyepoozwa mwili, yaani asiyeshushwa joto kwa tiba nitakayoieleza mbele, ukanda wa saa 6 za kwanza tayari unasema mengi kuhusu kesho yake. Aliyepoozwa, husubiriwa hadi saa 48. Kinaweza kuokoa pesa pia, kwa kuonyesha kwamba mtetemeko fulani si degedege na dawa iachwe. Lakini kina udhaifu ambao muuzaji hausemi. Degedege fupi, au iliyo mbali na nyuzi, hakiioni. Mapigo ya moyo, mashine ya kupumulia, au waya uliolegea huweza kuinua ukingo wa chini na kuufanya ubongo uliolala uonekane mzima. Fenobarbitali yenyewe huushusha ukanda kwa muda, kwa hiyo ukisikia "ubongo haufanyi kazi", uliza rekodi ilichukuliwa kabla ya sindano au baada yake.

Kama kuna kliniki inayokutajia aEEG kwa bei ya kila siku, hesabu siku tatu, ongeza nyuzi za kutumia mara moja, kisha uliza nani anausoma ukanda saa tisa za usiku na kama huyo ana ruhusa ya kubadili dawa. Mashine inayosomwa asubuhi tu, daktari anapopita, imerekodi degedege za usiku mzima bila kumzuilia mtoto hata moja. Kwa bei hiyo mimi ningechagua wodi isiyo na mashine ila yenye muuguzi anayerudi kila saa na karatasi yake.

EEG ya kawaida, yenye nyuzi nyingi, ndiyo sahihi zaidi, ila inahitaji fundi na msomaji aliyezoea ubongo wa kichanga, ambao haufanani na wa mtu mzima. Rekodi ya dakika 30 mchana ni picha ya dakika 30 hizo tu. Ekografi ya kichwa, inayopigwa kupitia utosi, ni ya bei ya wastani na hufanyiwa kitandani; inafaa kutafuta damu iliyovuja na uvimbe, ila katika siku ya kwanza inaweza kuonekana safi wakati mtoto ameumia. Usilipe moja ya saa ya pili halafu ukaamini yamekwisha. Skana ni mionzi, na kwa ugonjwa huu inasema kidogo, isipokuwa kichwa kilipojeruhiwa au damu inashukiwa. IRM ndiyo picha bora kuliko zote, hasa mwisho wa wiki ya kwanza, lakini haibadilishi matibabu ya siku tatu za kwanza. Nani alisema lazima ulipie jibu ambalo halitabadilisha chochote wiki hii, wakati oksijeni ya kesho haijalipwa?

Kuna bidhaa mbili ambazo watu huuza matumaini kwazo. Ya kwanza ni chupa za "kufungua ubongo", piracetamu na sitikolini. Hazimo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoto hawa, na bei yake ingelipa glisemi za wiki. Ya pili ni kumpooza mtoto hadi digrii 33 au 34 kwa saa 72, kuanzia ndani ya saa 6. Katika nchi tajiri ni tiba ya kawaida. Lakini jaribio la HELIX, lililofanyika katika lopitali kubwa za India, Sri Lanka na Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2021, liliwahusisha watoto 408: kati ya waliopoozwa walikufa 42 kati ya 100, kati ya wasiopoozwa 31. Hata katika lopitali ya Mulago, Kampala, jaribio dogo la mwaka 2008 kwa chupa za maji lilikuwa na vifo 7 kati ya 21 waliopoozwa, na 1 kati ya 15 wengine, ingawa kundi la kwanza lilikuwa na wagonjwa wazito zaidi. Mtu akikushauri barafu au chupa za maji baridi bila reanimasio kamili nyuma yake, kataa, na ukatae kwa sauti.

Wenye uwezo huwaza kutoka nje: Lusaka kwa barabara ya Kasumbalesa, au ndege hadi Johannesburg. Kwa mtoto wa saa chache, piga hesabu ya pasi, karatasi za mpakani, gari lenye oksijeni na muuguzi, na foleni ya malori ya shaba. Saa 6 zitakuwa zimekwisha kabla hujavuka mpaka wa Kasumbalesa. Nje hufaa baadaye, kwa IRM au ushauri, mtoto akiwa anapumua na kunyonya mwenyewe. Hata ndani ya mji, kumhamisha juu ya pikipiki ya manseba, amefungwa blanketi kifuani mwa bibi, kumewahi kumaliza kazi ambayo uchungu haukuimaliza. Kama lopitali ya kwanza inajua kupuliza hewa, kupima sukari na kutoa fenobarbitali, kubaki hapo kwa saa za kwanza mara nyingi ndiyo ununuzi bora.

Ndiyo maana chaguo la bei nafuu kuliko yote hufanywa kabla ya uchungu. Huko Haydom, Tanzania, watafiti walipima watoto waliohitaji kupuliziwa hewa, wakaona kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu. Ukienda kliniki ya ujauzito katika komuni ya Katuba, Kenya au Ruashi, omba uonyeshwe balun na maski ya kichanga. Vikiwa mezani karibu na kitanda, vizuri. Vikiwa kwenye kabati lililofungwa na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda nyumbani, tafuta maternite nyingine wakati bado una miezi.

Kuhusu kulipa: mwaka 2016 watafiti waliwakuta akina mama na vichanga wao wamezuiliwa katika lopitali moja kubwa ya mji huu kwa sababu ya fakture, na jambo hilo limeandikwa wazi. Basi omba fakture kila jioni, si siku ya kutoka. Uliza kama kitanda cha neonatolojia kinalipwa kwa siku au kwa saa, na oksijeni kwa saa au kwa chupa. Serikali ilizindua uzazi wa bure Kinshasa Septemba 2023 na imekuwa ikiupanua mikoani. Ulizia lopitali yako kama imo, na kama mpango unagusa kitanda cha kichanga mgonjwa au kujifungua tu. Anayefanya kazi kampuni ya mgodi achukue bono mapema, ahakikishe inamtaja mtoto na si mama peke yake.

Na usimalize pesa yote katika siku hizo tatu, kwa sababu mtoto akitoka ndipo miezi inapoanza. Mkanda wa kupimia kichwa kila mwezi karibu hauna bei, na kichwa kisichokua ni habari kubwa. Kati ya wiki ya 12 na ya 16 kuna kipimo kingine ambacho simu yako inatosha: mlaze mtoto chali akiwa macho, ametulia, miguu na mikono wazi, bila kumchezesha, umrekodi dakika tatu. Katika umri huo mtoto mwenye afya hufanya miondoko midogo ya kuzunguka-zunguka ya shingo, mikono na miguu. Ikikosekana kabisa, hatari ya mtindio wa ubongo ni kubwa, na mazoezi ya kinesi yaanze bila kungoja mwaka. Mpelekee video hiyo daktari wa watoto aliyefunzwa kuisoma. Akikwambia inaonyesha vizuri, ile IRM uliyokuwa unaikopea inaweza kungoja.